Mikorosho ya Baba Darasani

Kipatimu, Jumapili baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Selemani,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii iwakute wazima hapo Rutamba, wewe, wifi na watoto, na mguu wa mama uwe umepungua uvimbe. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenizoea.

Karatasi yako imefika. Nimeisoma mara nyingi: mimi Mwajuma nimesamehe fungu langu katika shamba la mikorosho la marehemu baba, kwa hiari yangu. Chini umeniachia mstari wa kutia saini. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Basi nivumilie, nikueleze kwanza yaliyotokea darasani.

Darasa la sita ninao watoto sitini na nane peke yangu, maana mwenzangu wa hisabati alihamishwa na hajaja mwingine. Wiki ya tatu hii tunapigana na sehemu na asilimia. Robo wanaijua. Ukiwauliza robo ni asilimia ngapi, wanatazama juu, na juu kuna mabati tu. Niliwakatia machungwa, maana ndiyo mengi huku, wakaula mfano kabla sijaumaliza. Jioni nasahihisha madaftari hadi vidole vinakakamaa.

Jumatano nikaona niwape kitu wanachokisikia madrasa: mirathi. Nikaandika ubaoni: mtu amefariki, ameacha mikorosho sabini na miwili, mke mmoja, mwana mmoja na binti mmoja. Mke apate sehemu moja ya nane. Katika inayobaki, mwana apate mara mbili ya binti. Kila mmoja atapata mingapi, na fungu la mke ni asilimia ngapi? Ndiyo, kaka, ni shamba letu. Nilikuwa nimechoka kubuni.

Mke walimpatia tisa, na asilimia kumi na mbili na nusu wengi waliipata. Nilitamani kupiga vigelegele. Lakini madaftari arobaini na kitu yaliandika hivi: mwana sitini na tatu, binti sifuri. Nikadhani wameigiana. Nikamwita Somoe, msichana anayeongoza darasa, nikamuuliza binti amekwenda wapi.

"Amesamehe, mwalimu."

"Nani kakwambia? Ubaoni pameandikwa?"

"Hapajaandikwa. Ila shangazi husamehe. Bibi anasema asiposamehe, siku akiachika atarudi kwa nani?"

Darasa zima likaitikia. Nikajumlisha tisa na sitini na tatu, ikaja sabini na mbili. Hesabu inakubali, hakuna mti uliopotea. Niliwawekea kosa hivyo hivyo, na wengine wakaninunia mpaka kengele.

Somoe hakurudi kukaa. Akaniuliza, "Na wewe mwalimu, ulisamehe?"

Nikamjibu kwamba baba yangu hakuacha kitu. Nilisema uongo mbele ya watoto sitini na nane, tena uongo juu ya marehemu. Baba alipanda ile miche mimi nikimchotea maji, wewe ukiwa Lindi kwa mjomba unasoma. Sikusimangi, kaka. Inaniuma tu.

Najua utasema nina mshahara, na wewe ndiye unayepalilia, unayepulizia dawa na kumuuguza mama. Ni kweli yote, Mungu akulipe. Endelea kuitunza na yangu, uchume ujira wako humo, hilo tutaelewana. Lakini matunzo ni jambo moja na fungu ni jingine. Na nisikufiche, naogopa. Nikikukatalia leo, siku nikipata shida mlango wa Rutamba utanifungukia? Tangu karatasi yako ifike, wiki mbili sasa, nimelala na swali hilo. Hata hivyo karatasi nakurudishia bila saini. Nataka mikorosho yangu ishirini na mmoja, na nataka kubaki mdogo wako. Vyote viwili.

Kesho asubuhi nitamwambia Somoe ukweli, mbele ya wenzake. Sijui nitaanzaje.

Msalimie mama, umwambie dawa ya kuchua nitampa kondakta wa basi amletee. Msalimie wifi yangu, na yule mkubwa wenu akazane na kuzidisha, asije akaniaibisha shangazi yake. Na msalimie sana shangazi yetu, dada yake baba, pale chumbani kwake uani. Ukipata nafasi ukae naye kwa utulivu, umuulize kama alisamehe kweli walipogawa mirathi ya babu, au aliogopa kama mimi. Maana ile ardhi ilikuwa ya babu kabla baba hajapanda mkorosho hata mmoja. Kama shangazi aliogopa, basi chini ya hiyo ishirini na mmoja ninayokudai imo haki yake, na chini ya yako imo zaidi.

Mdogo wako, asiyekuvunjia heshima,
Mwajuma