Kivuli cha Shamba Jipya

Morogoro, 14 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri, wewe na kaka Selestini, ingawa ziwa limewafukuza nyumbani. Mimi mzima, kazi ndiyo hii ya kuangalia misitu kutoka angani.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo nakuandikia kuhusu lile shamba mlilofyeka huko juu ya Ilagala. Tunatumia setilaiti za aina mbili. Moja hupiga picha kama kamera, na wingu likitanda haioni kitu. Nyingine ina rada: hutuma mawimbi, yakagonga kilichopo chini na kurudi, iwe mvua au giza. Ni kama kipofu anayepapasa kwa kiganja. Sasa kamera inaonyesha shamba jeupe. Rada bado inagusa miti yote, mpaka ule mvumu mkubwa. Mliikata kweli?

Mwanao,
Winfrida

Ilagala, 2 Mei 2024

Mwanangu Winfrida,

Marahaba. Tuko salama, ila maji sasa yamefika dirishani, na simu yangu imezama humo humo. Ndiyo maana naandika.

Hiyo rada yenu imelewa. Miti tumeikata kwa mikono yetu, mimi na kaka yako, na mkaa umeshapelekwa Kigoma. Mvumu nao tumeuangusha. Najua chini yake kalala babu mzaa babu yako, na wazee walikuwa hawagusi hapo kabla ya kumwaga pombe na kumwomba. Nilisema tutamwomba tukishahamia. Nilikuwa na haraka, mama, na ardhi nyingine sina.

Jambo moja linanichekesha. Saa sita mchana, jua kali, mbuzi wanakwenda kujilaza penye kisiki cha mvumu, wamebanana wote, utadhani wako kivulini.

Baba yako

Morogoro, 19 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje, na kifua je?

Mimi sijacheka. Nimepima upya. Shamba la jirani yenu Thobias, lililofyekwa wiki hiyo hiyo, rada inaliona jeupe. Ni la kwetu tu. Naogopa, baba, na hapa kazini sina wa kumweleza. Mwaga pombe kwanza, ndipo ujenge. Au nenda kwa shangazi Skolastika, Rusimbi, ukae mpaka ziwa lirudi nyuma. Nakuomba sana.

Mwanao,
Winfrida

Ilagala, shamba jipya, 8 Julai 2024

Mwanangu Winfrida,

Marahaba. Kifua kimepoa. Nimechelewa kujibu kwa kuwa tulikuwa tunajenga. Tumeezeka mabati mapya, tumehamia. Pombe nilimwaga, lakini nadhani nilichelewa.

Selestini alitoka juzi asubuhi kufuata mbuzi. Shamba liko wazi, unaona mpaka ziwani, na yeye simwoni. Lakini nikimwita anaitika, pale pale katikati. Anasema, "Baba, niko hapa, miti imesongamana, sioni njia." Thobias alikuja, akamsikia, akaondoka bila kuaga.

Ni mwanangu. Kesho naifuata sauti.

Baba yako

Morogoro, 20 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui hata niulize vipi hali yako. Usiingie, baba.

Leo anga imetakata, nimepata picha ya kamera. Nyumba haipo. Hakuna bati, hakuna hata msingi, ni visiki tu. Kwenye rada kuna miti, na katikati yake nukta inang'aa sana, jinsi bati linavyong'aa. Kesho napanda basi. Kama barua hii imekukuta, nisubiri kwa Thobias.

Mwanao,
Winfrida

Shambani, tarehe siijui

Mwanangu Winfrida,

Amahoro, ndiyo salamu ya babu huku. Hujambo? Sisi hatujambo. Kaka yako nimempata, anakusalimu, na mbuzi wamenona. Jua halituchomi tena, ni ubaridi siku nzima, na mvumu umetanda juu ya bati. Babu hana kinyongo. Anasema alitaka tu watu wa kukaa naye.

Ile rada usiiogope. Kuna kitu hupita juu ya majani, kikatupapasa usoni polepole, kama kiganja. Nilijua ni wewe unatutafuta. Kila kikipita nasimama uani ili kinifikie vizuri.

Jana nilikusikia unaniita, karibu kabisa. Nimeitika, mama. Fuata sauti.

Baba yako