Akina Mama Neema Watatu

Jumatatu, 2 Juni

Imefanya kazi! Neema wangu, niliyemzaa mimi, amefungua simu hapa sebuleni na vitu vya makumbusho yetu vikatokea kimoja kimoja. Vinu, vyungu, majembe ya ngolo, yale mashimo tunayolima mlimani. Mtu yeyote duniani anaviona. Inaitwa plagini, kijiprogramu alichokitengeneza mwenyewe na kukipachika kwenye tovuti. Kinasoma daftari la makumbusho na kulitandaza mtandaoni. Mimi niliishia la saba, lakini nimeelewa kabla ya baba yake.

Nilikuwa nachambua kahawa. Nimeiacha.

Jumanne, 3 Juni

Simu mkononi tangu asubuhi. Ukibonyeza jina la mtu aliyetoa kitu, vinakuja vyote alivyotoa. Nikabonyeza Mama Neema. Mimi nilitoa chungu kimoja cha marehemu mama. Vimekuja vitu tisa! Hadi mtego wa samaki. Mimi wa milimani, samaki namjua akiwa kwenye sahani.

Nikajua ni makosa. Nikanyamaza. Jina lilipendeza, na vitu tisa chini yake. Nimelituma kwenye grupu la jumuiya, pongezi zimemiminika.

Alhamisi, 5 Juni

Balaa. Kapiga simu Mama Neema wa Liuli kule ziwani, yule muuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu; tunajuana sokoni, mimi nauza mahindi. Mtego ule aliusuka marehemu mume wake. Hakusalimia. "Tangu lini mumeo akavua, we mama mahindi?" Anakuja kuuchukua. Na Mama Neema wa Kitai naye anataka kinu chake.

Msimamizi wa makumbusho amesema vitu vikianza kuondoka, hakuna uzinduzi wa hiyo tovuti. Kazi yote ya mwanangu! Nimefagia uwanja mara tatu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwambia Neema. Kwamba niliona tangu Jumanne. Amenigeuzia mgongo, akafungua daftari la makumbusho. Afadhali angefoka.

Daftari limeandikwa Mama Neema, Mama Neema, Mama Neema. Huku nani anamwita mama wa watu kwa jina lake? Plagini imetuunganisha, tukawa mtu mmoja.

Neema kasema, "Kurekebisha ni kazi ya siku moja, mama. Ila nipe majina yenu. Yenu wenyewe."

Wa Kitai nimempigia. Anaitwa Agripina. Kacheka mpaka kakohoa, kinu kibaki. Wa Liuli hapokei. Nimepiga mara sita.

Jumapili, 8 Juni

Sikai, sisimami. Misa ya kwanza nimesali, sikumbuki somo hata moja. Kesho naenda Liuli. Baba Neema anasema nitafukuzwa. Nifukuzwe.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemkuta anaanika usipa kwenye chanja. Nikampa shikamoo, ingawa tunalingana. Kaitikia, kaniacha juani. Nikasema yote. Kwamba nilijua, na nilifurahi, na ni aibu yangu, si ya mtoto. Akageuza usipa chanja nzima.

Nikamwomba jina.

"Yunisi." Akasema tangu mumewe afe hakuna aliyemwita hivyo.

Akauliza langu. Skolastika.

"Lote hilo? Na bado ukataka na mtego wangu!"

Tukacheka. Akanivuta kivulini. Mtego utabaki, ila jina la mumewe liandikwe pia, yeye ndiye aliyeusuka. Nimempigia Neema palepale.

Jumatano, 11 Juni

Neema ameongeza mstari: aliyekitengeneza. Tumetenganishwa, watatu. Chini ya jina langu kuna kitu kimoja tu. Kwenye grupu nimeandika kwamba vile vingine si vyangu. Wamecheka kidogo, wameacha.

Mwanangu, tangu Ijumaa ananiongelesha ya plagini tu, ameongea nami leo maneno ya kawaida, chumvi iko wapi. Nimeshukuru.

Yunisi anafika Ijumaa, atalala kwetu. Nimeshatoa shuka nzuri. Agripina atakuja na basi la asubuhi. Uzinduzi ni Jumamosi, saa nne, na watu wote wanakuja.