Shati la Maua Limefika Dar

Mtani wangu Salum,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na mke wangu ambaye hakukubali, napenda kukutangazia kwamba mimi, Mihambo, mkulima wa karanga wa Ntalikwa na mpiga manyanga mstaafu, nimenunua viatu vipya. Ni vyeusi. Vinang'aa. Mbele vimechongoka kama mdomo wa korongo. Mtaa mzima wa Kanyenye umeshapata habari, nikaona si vizuri wewe uwe wa mwisho kuambiwa kwa sababu tu umehama.

Najua ungefanya nini. Ungeniangalia kuanzia chini ukipanda juu, polepole, halafu ungeuliza mwenye viatu anavitaka lini.

Lakini viatu hivi vina sababu yake. Tumekwenda Dar, mtani. Kwenye ule ukumbi mkubwa. Tumekwenda kuiona ile bendi tuliyoipenda.

Nimeandika hapo juu "tumekwenda" nikasimama kidogo, maana tuliopaswa kwenda ni mimi na wewe. Miaka yote ile, kila Jumamosi jioni barazani kwako, kazi yetu ilikuwa kuipanga safari hii. Wewe na gitaa lako lililopungua uzi mmoja, mimi na kikombe. Tulibishana tukae upande wa magitaa au upande wa matarumbeta. Tulibishana juu ya mashati. Wewe ukanunua kabisa la kwako, lile lenye maua mekundu makubwa kama sahani, ukaapa halivaliwi mpaka siku ya ukumbini. Hata harusi ya binti yangu hukulivaa, nami nikakununia wiki nzima. Na kila tulipokaribia kuondoka kulitokea jambo: mvua zimewahi, goti langu, presha yako. Shemeji Zuhura alikuwa akipita na birika, anatumiminia kahawa na kusema, "Safari ya nyinyi wawili inaishia kwenye kikombe." Tulicheka, tukapanga upya. Nadhani tulipenda kupanga kuliko kwenda.

Halafu ukalazwa. Siku ile ulinishika mkono, jambo ambalo si kawaida yetu, ukasema, "Mtani, Zuhura asije akakaa akawa mlinzi wa kitanda changu." Nikakujibu kwamba Mzaramo hana kitanda cha maana cha kulindwa. Ulicheka mpaka muuguzi akaja kutugombeza. Sikujua kama ndiyo mara ya mwisho nakuchekesha. Ningejua ningetafuta kichekesho kizuri zaidi.

Msibani kazi yangu niliifanya, hilo usiwe na wasiwasi. Walipotaka kutoka na jeneza nililala mlangoni, na kanzu yangu ile ya sikukuu, nikasema huyu hazikwi Tabora. Nikasema arudishwe kwao kwa miguu, kama babu zetu Wanyamwezi walivyokwenda pwani na pembe za ndovu za watu mabegani, huku babu zake Wazaramo wamekaa kivulini wanawasubiri wafike. Watu walicheka huku wanafuta macho, kama inavyotakiwa. Wakanivuta pembeni kwa miguu, na wewe ukapita.

Ila jioni Kalunde, mke wangu, ambaye alikuwa ndani na shemeji, aliniambia Zuhura alisikia kila neno na hakuinua uso. Zuhura huyu huyu wa Kisarawe, ambaye sijawahi kumshinda kwa utani hata siku moja. Niliwahi kutoka nyumbani kwako nimeshika kichwa kwa maneno ya mke wako, wewe umelala chini unashindwa kupumua kwa kucheka.

Eda ikaisha, hali ikawa ile ile. Alipika, aliswali, aliitikia salamu, mlango ukawa wazi nusu. Nikipita na kumtania, nakuta anajibu, "Asante, shemeji." Mtani, Mzaramo anayejibu utani wa Mnyamwezi kwa asante ni mgonjwa. Niliogopa. Nilirudi nyumbani nikamwambia Kalunde kwamba nimepewa kazi moja tu na marehemu nami nimeshindwa.

Ndipo redio ikatangaza kwamba wazee waliobaki wa ile bendi watapiga tena pamoja. Tukaenda wawili kumwomba Zuhura tufuatane. Akakataa kwa upole. Kalunde akarudi peke yake, kike kike, akakataliwa kwa upole zaidi. Eti watu watasema mjane gani huyu, mume hajapoa kaburini, yeye anakwenda kwenye muziki. Na watu kweli wangesema. Unaijua Kanyenye.

Nikafikiri sana, kwa kadiri kichwa changu kinavyoruhusu. Kumbembeleza hakufai, anajibu asante. Lakini mimi ni mtani. Mtani akiingia kwa mtani wake akabeba kuku, nani anampeleka polisi? Basi asubuhi moja nikapiga hodi, nikapita moja kwa moja mpaka uani. Nia yangu ilikuwa kuku. Nikakuta shati.

Lilikuwa kwenye kamba, Salum, lile la maua. Kalunde aliponieleza baadaye ndipo nilipojua: alikuwa analifua kila wiki. Shati ambalo halijavaliwa.

Nikalichomoa likiwa bado na unyevu. Nikasema kwa sauti ya karani wa mahakama kwamba shati hili limekamatwa na linakwenda Dar. Nikatoka nalo begani. Nilitembea polepole, na si kwa ujanja, ni kwa sababu ya goti. Nikasikia ndala nyuma yangu.

"Mihambo, rudisha."

Hakusema shemeji.

"Limeshakatiwa tiketi," nikasema.

Tulikuwa katikati ya njia, majirani wameacha kufagia. Alinitazama, akalitazama shati, akavuta kanga yake kichwani. Nilidhani atalia nami nitakuwa nimeharibu kila kitu.

"Wewe utalimwagia supu," akasema.

"Basi njoo ulilinde."

Ndivyo alivyokubali. Aliyeuliza aliambiwa kwamba Zuhura haendi kwenye muziki, anakwenda kulinda mali ya marehemu mikononi mwa Mnyamwezi. Hata yule jirani yako mwenye maneno alisema hapo kweli, lilindwe.

Tiketi nilizinunua mwenyewe kwa simu, bila msaada wa mtu, nikajisifu siku kadhaa. Kwenye mchoro wa ukumbi nilichagua mbele kabisa, chini ya jukwaa. Huku kwetu anayewekwa mbele ndiye mwenye kiti chenye kitambaa na soda inayofunguliwa mbele yake. Ndiyo maana nikanunua na viatu. Nilitaka tukae kama wageni rasmi.

Tulipanda basi mpaka Dodoma, kutoka hapo treni ya umeme. Babu zangu walitumia miezi kwenye njia ile, mimi nimefika karanga za Ntalikwa hazijaisha mfukoni. Zuhura alikaa dirishani, mfuko wenye shati mapajani, macho nje. Tulipofika kwenye milima ya Morogoro akanyoosha mkono kwa Kalunde bila kugeuka, akaomba karanga. Kalunde alinikanyaga mguu. Tukatazama mbele kama watu ambao hawajaona kitu.

Sasa, toleo la Kanyenye ni hili: tulicheza mpaka wimbo wa mwisho, mwimbaji mkuu alinipungia mkono, na vijana wa Dar waliniomba niwafundishe mitindo ya zamani. Wakimuuliza Kalunde anasema, "Muulizeni mwenyewe," na kuendelea na shughuli zake.

Kwako siwezi kudanganya. Sijui huko uliko mnaona nini, na sitaki kuumbuka.

Mlangoni mlinzi alinikuta na karanga. Haziruhusiwi. Nilimweleza zimetoka wapi na zimelimwa na nani, akasikiliza kwa adabu, akazichukua. Ndani, mbele kabisa chini ya jukwaa, hakukuwa na kiti hata kimoja. Nilimuuliza binti mmoja viti vinaletwa saa ngapi. "Baba, huku ni kusimama," akasema, akanionea huruma. Nilikuwa na koti na tai, Salum. Nilikuwa nimejaa jasho kama mtu anayepalilia.

Bendi haijapasha moto vizuri, viatu vikawa vimeshaanza kunila. Nikawaaga akina mama kwamba nafuata maji. Nilichofuata ni ukuta. Nikaupata, nikateleza chini taratibu, nikavua viatu. Dada mmoja wa huduma ya kwanza aliyekuwa amesimama karibu akadhani nimezimia. Nilianza kumkatalia, lakini nikaona wenzake wanaleta machela, na ndicho kitu pekee cha kukalia nilichokiona ukumbi mzima. Nikapanda. Wakanilaza kwenye kona, wakanipima presha, wakaniwekea viatu vyangu kifuani visipotee.

Nikiwa hapo chali ukaanza ule wimbo. Ule ambao ulikuwa unaukosea pale gitaa linapobaki peke yake, kila Jumamosi, mahali pale pale. Nikafumba macho nisikilize. Na nikuambie jambo: mpiga gitaa mwenyewe alipofika pale alipiga kama wewe. Vile vile. Inawezekana tulikuonea miaka yote.

Nilipofumbua macho Zuhura alikuwa amesimama juu yangu, Kalunde nyuma yake anahema. Alikuwa amelivaa shati. Juu ya gauni, mikono imezidi mpaka vidole havionekani, maua mekundu kila mahali. Alinitazama miguu, pekupeku. Akatazama viatu kifuani. Akawatazama wabebaji wa machela. Akaweka mikono kiunoni.

"Wanyamwezi mlibeba pembe za watu mpaka pwani," akasema. "Leo wewe umeshindwa kubeba viatu vyako mwenyewe."

Halafu akacheka. Unakijua kile kicheko, kinachoanzia tumboni, kinamkunja, anatafuta kitu cha kushika. Alishika mkono wa machela, nusura aniangushe. Kalunde naye akadondoka kwa kucheka. Mimi nikalia. Mtani mzima, mbele ya watu, nikalia kama niliyechapwa, na msibani kwako nilijikaza mpaka mwisho. Yule dada wa huduma ya kwanza akainama kuniuliza wapi panauma.

Nikasema viatu vinabana.

Wakarudi mbele wao wawili. Walicheza mpaka taa zilipowashwa, mimi nikiwa nimelala naangalia dari, na nakuambia kweli, sijawahi kuburudika vile. Tulitoka ukumbini nimevaa ndala za Kalunde.

Shati limerudi kwenye kamba. Linafuliwa, lakini siku hizi linafuliwa kwa sababu limevaliwa. Analivaa akimwagilia mchicha, na Jumamosi akitoka barazani na birika. Mlango uko wazi wote. Nami nakuahidi hivi: nitaendelea kuingia uani kuliiba, na kila nikiliiba nitatembea polepole, ili anifuate na kunitukana mpaka nyumbani kwangu, ambako Kalunde atakuwa ameshapika.

Kwaheri, Mzaramo. Pumzika kivulini, kama kawaida yenu.

Mtani wako,
Mihambo