Mpichi Langoni kwa Mama

Seoul, 9 Juni 2003

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, tena furaha imenijaa: nimepewa filamu yangu ya kwanza kuongoza, na ni ya mizuka! Prodyuza wetu, Bwana Pyo, anataka mzuka aliyefunikwa uso na nywele, kama wale wa filamu za Kijapani zinazojaza kumbi. Bi Kuwabara, mpambaji wetu kutoka Osaka, kamcheka: "Nywele hizo mnazo tangu bibi zenu, mnakuja kununua kwangu za nini?"

Sasa niambie. Katika picha za sinema za zamani nimemkuta mzuka wa mwaka 1971, nguo nyeupe, uso wazi kabisa. Mama, ni wewe! Filamu yenyewe imepotea, imebaki picha hiyo moja. Mbona hukuniambia? Na kwa nini hukufunika uso?

Binti yako,
Hae-rim

Yeongcheon, 17 Juni 2003

Mwanangu Hae-rim,

Marahaba. Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Unakula, au unaishi kwa tambi za pakiti? Nimekutumia kimchi, achari yetu ya figili.

Mzuka wetu hafuniki uso kwa sababu amekuja kusema. Hadithi za bibi hukuzisikia? Mzuka wa binti aliyedhulumiwa anaingia kwa hakimu kupeleka malalamiko, hakimu anakufa kwa woga kabla hajasikia neno. Anakuja hakimu wa pili, naye chali. Kosa la nani hapo? Mwambie Bwana Pyo hivyo.

Ya 1971 yaache yalipo.

Mama yako

Seoul, 1 Julai 2003

Mama, shikamoo.

Kimchi imekwisha, Bi Kuwabara kala nusu na hana haya. Nilimsimulia habari ya hakimu, akasema: "Mzuka wetu wa Japani kachoka kusema. Uchungu umebaki ndani ya nyumba, na kila anayeingia unampata." Fundi sauti wetu wa Bangkok naye ana mzuka wa kwao, aliyefia uzazini na bado anampikia mumewe. Wote wanawake, wote nywele wameziachia. Nani kamwiga nani? Au walio hai kote ni wagumu wa kusikia?

Ona picha ya meza ya sadaka ya wafu tuliyoandaa. Mzuka wangu atakuja kula hapo. Pichi nimeziweka mwenyewe, kwa kuukumbuka mpichi wetu wa langoni. Ila bado sijui atasema nini. Wako alisema nini, mama? Nakuomba.

Binti yako

Yeongcheon, 6 Julai 2003

Hae-rim,

Salamu baadaye. Ondoa hizo pichi! Pichi hufukuza wafu, ndiyo maana haiwekwi mezani kwao wala mpichi haupandwi nyumbani. Unamwita mgeni huku umemfungia mlango. Kosa langu, sikukufundisha.

Najua utauliza: na wetu je? Niliupanda mimi, majirani wakinishangaa. Nilikuwa na mdogo wangu, Ok-bun. Alifanya kazi kiwanda cha nguo huko Daegu, akawa anakohoa. Aliniandikia nikamchukue. Nilikuwa nacheza sinema. Nikasema nitajibu kesho. Alikufa ana miaka kumi na tisa, hana mume wala mtoto, na asiye na mtoto haandaliwi meza.

Mwaka uliofuata nikapewa kuigiza mzuka. Mwongozaji akaniambia, sema lolote. Nikasema: "Nilikuandikia. Mbona hukujibu?"

Sikuigiza tena. Namwogopa, mwanangu, na ninampenda.

Mama yako

Seoul, 29 Julai 2003

Mama, shikamoo.

Wiki tatu kimya, na simu hupokei. Pichi nimeziondoa, nywele tumezirudisha nyuma; Bwana Pyo alinuna, kisha akakubali. Maneno ya mama mdogo Ok-bun sitayatumia bila ruhusa yako. Tunarekodi tarehe tisa. Ukikataa, mzuka wangu atanyamaza, na filamu ikifa na ife.

Lakini akisema, mama, nani atamjibu?

Binti yako

Yeongcheon, 4 Agosti 2003

Hae-rim, maneno yake yatumie. Na barua hii aisome atakayeketi mezani mbele ya mzuka wako.

Ok-bun mdogo wangu,

Hujambo? Kifua je? Mimi mzima, ila goti. Barua yako niliipata. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu.

Mpichi nimeukata leo, kwa mikono yangu. Wali uko mezani, na lango liko wazi. Njoo nyumbani.

Dada yako,
Seon-ok