Gari Lisilohitaji Stori

Kaka Mutiso,

Mkeo alipiga simu tena jana. Swali ni lile lile: mlikuwa mkiongea nini mwisho? Nami nikamtungia tena. Safari hii nilisema ulikuwa unamtaja mwanenu Ndanu na shule. Akalia, akanishukuru. Nimechoka kushukuriwa, kaka.

Leo huku ughaibuni tulitumwa kliniki, mtaa wa Oud Metha, kupimwa afya, mimi na Nakato, mlinzi mwenzangu kutoka Uganda. Supavaiza akatuitia gari kwa simu. Likaja lenyewe, halina dereva, usukani unajizungusha! Nakato akakataa katakata, eti hawezi kubebwa na jini. Akaliombea weee, akajipiga ishara ya msalaba, ndipo akaingia. Hatujafika mbali, tayari anajipiga picha. Wengi wako hivyo siku hizi. Walioapa hawataligusa ndio wanaokoroma humo wakienda kazini.

Mimi nikaanza kuongea. Mvua ya Kitale, chapati za mesi, chochote kile. Sikunyamaza hata kwenye taa nyekundu. Nakato akasema, "Nekesa, si upumzike? Hili halisinzii." Aki nililia, tena kwa sauti, mpaka nikaona haya.

Wewe ulisinzia kwenye usukani. Na kiti cha mbele nilikuwa nimekaa mimi. Kwetu hilo hakuna asiyelijua: anayekaa na dereva halali, anampigia stori mpaka wafike. Miaka mitatu nilifanya hivyo kwenye basi letu la wafanyakazi. Nikinyamaza kidogo ulikuwa unauliza, "Nekesa, nimekukosea?"

Asubuhi ile ulikuwa umeunganisha zamu mbili. Uliomba mtu akupokee usukani, ukaambiwa yalla, haya twende, safari moja tu, khalas, basi. Mimi nami nilikuwa nimesimama getini masaa kumi na mawili. Nikasema nifumbe macho mpaka kwenye daraja tu. Kilichoniamsha ni kishindo. Sisi wengine tulitoka na michubuko. Wewe ulitolewa ukiwa huna uhai.

Mkeo nilimwambia tairi lilipasuka.

Pale kliniki nesi aliniuliza kama sikuogopa, na kama kweli gari lile linaaminika. Kila mtu anauliza. Nilikuwa nawaza kwamba miaka yote ile tulipanda basi lako, tukakukabidhi roho zetu, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza, Mutiso, umelala lini? Hata mimi niliyekaa karibu nawe sikuuliza. Nisamehe.

Ijumaa niko off. Nitampigia Mama Ndanu mchana, watoto wakiwa shule. Nitamwambia hakuna tairi lililopasuka. Nitamwambia sijui ulisema nini mwisho, kwa sababu nilikuwa nimelala. Akinitukana, akinilaani, simu sitaikata. Nitasikiliza mpaka amalize yeye mwenyewe.

Kwaheri, kaka yangu.

Nekesa