Risasi za Mume Wangu Zinatawanyika

Susuni, Tarime
9 Julai 2024

Kwako Mama Awino, mshauri wetu wa shabaha,

Shikamoo. Naomba univumilie hata barua ikiwa ndefu, maana jambo hili sina mwingine wa kumwuliza bila kuchekwa. Mimi naitwa Mokami, mkulima wa mahindi hapa Susuni, mjane wa Emanueli Wangwe, ambaye alikuwa mwalimu wa mgambo na alipostaafu akajiunga na klabu ya shabaha, na ndiye aliyenipeleka pale klabuni mara ya kwanza, nikiwa nimebeba chupa ya chai tu, akaniambia lala hapa chini ujaribu, nikalala, nikapiga, na tangu siku hiyo chai wakawa wanajipikia wenyewe.

Emanueli alifariki mwaka jana baada ya mavuno, na usidhani naandika kwa machozi, hapana, ng'ombe wanakamwa, binti yangu aliyeolewa Isebania anakuja na wajukuu, nakula nashiba, na jioni nikimenya kiazi kitamu nakumbuka yeye alivyokuwa akikimenya ganda likatoka kipande kimoja mpaka mwisho, kiazi ananipa mimi, ganda anaenda kumtishia mbuzi kama mtu aliyeshika nyoka, basi nacheka peke yangu. Shida yangu ni risasi.

Bunduki tunayotumia ni ile ndogo ya klabu, ya kipimo cha pointi ishirini na mbili, ya kupigia karatasi mita hamsini, na hulala kwenye ghala la klabu pamoja na risasi zote, mtunzaji ni Oduol. Risasi za timu alikuwa anachagua Emanueli. Alikuwa anajaribu aina moja baada ya nyingine, wiki hadi wiki, na akishaipata anayoitaka anamsihi Oduol amtafutie maboksi yenye namba ileile ya kiwandani, na mara zote zilikuwa zile za bei ghali, za madini ya risasi matupu bila shaba, zisizo na kelele. Mimi sikuwahi hata kufungua boksi. Alizipanga mwenyewe kwenye kibao alichokitoboa matundu, akakiweka karibu na kiwiko changu na kukifunika kwa kofia yake zisipate jua, nami naokota bila kuangalia. Nikitoboa vizuri ananiita kwa jina la mwanetu, ananiambia taratibu, "Mama Anold, hizo zimelala kitanda kimoja."

Alipofariki polisi walikuja wakakagua, wakaruhusu risasi zake zibaki ghalani kwa matumizi yangu chini ya klabu. Nilirudi uwanjani mwezi wa tano. Nikazitunza kuliko hata alivyozitunza yeye, maana pale uwanjani vumbi ni jingi na zile risasi zina utelezi kama zimepakwa samli, vumbi linashika, kwa hiyo nazifuta moja moja kwa kitambaa safi mpaka ziwe kavu zing'ae, kama vijiko vya wageni, kisha nalala, nashika pumzi jinsi alivyonifundisha, napiga, naenda kuangalia karatasi, nakuta zimetawanyika kama vifaranga vilivyoona mwewe. Wiki iliyofuata vilevile. Wiki nyingine mbaya zaidi.

Ndipo shemeji yangu Nyangwine, mdogo wake Emanueli, naye mwanachama, akanipa zake za bei rahisi, zenye rangi ya shaba, kavu, zinalia paa mpaka ng'ombe wanainua vichwa. Nikapiga. Mama Awino, hazikuwa nzuri sana, lakini zilikaa karibu kuliko zile za marehemu.

"Unaona shemeji?" Nyangwine akasema. "Kaka alikuwa analipia boksi zuri."

"Usimseme marehemu."

"Simsemi yeye, nasema risasi. Risasi isiyolia ni dume lisilonguruma, litafukuzwa na ndama."

Oduol ni Mjaluo wa Sirari, kunyamaza hajui. "Nyangwine," akamwambia, "kama watu wangelenga kwa masikio, wewe kikombe kingekuwa kwako kila mwaka."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilirudi nyumbani mzito. Mwezi wa nane sisi wanawake watatu wa klabu tunakwenda Mugumu kwenye mashindano, na Oduol amesema kazi ya kuchagua risasi sasa ni yangu, nimpe jibu kabla mwezi huu haujaisha. Nikichagua za Nyangwine, nitakuwa nimesema mbele za watu kwamba mume wangu hakujua alichokuwa anafanya. Nikichagua za Emanueli, nitawaaibisha wenzangu. Na huenda risasi hazina kosa lolote, huenda mkono wangu ndio uliokwenda naye kaburini, na kama ni hivyo niambie tu, nitarudi kwenye chai yangu bila kinyongo. Nyangwine anasema pia yupo kijana wa kutuvushia nyingine kutoka ng'ambo kwa njia za porini, ni nzuri na rahisi.

Limebaki boksi moja la Emanueli ambalo halijafunguliwa. Sijui nilipige au nilitunze.

Ni mimi,
Mokami Wangwe

MAJIBU

Mokami dada yangu, marahaba, na pole kwa msiba.

Mkono wako uko mahali pake. Emanueli naye alijua sana alichokuwa anafanya. Ila wewe, mama, umezifuta risasi! Niliposoma habari ya vijiko vya wageni niliweka barua chini nikashika kichwa.

Ule utelezi si uchafu. Ni nta na mafuta ambayo kiwanda kimepaka kwa makusudi, ili risasi ipite ndani ya mtutu bila kukwaruza na bila kuacha vipande vyake mle ndani. Ukiifuta ikawa kavu, inapita kwa shida, inachafua mtutu, na ile inayoifuata inakwenda inakotaka yenyewe. Ndiyo maana kila wiki ilikuwa mbaya kuliko iliyopita. Za shemeji yako zimepakwa shaba, hazina nta ya kushika vumbi, kwa hiyo wewe hukuzifuta. Zilizishinda za mumeo kwa sababu hukuzihudumia! Mumeo alizifunika kwa kofia ili nta isiyeyuke wala vumbi lisiingie. Alikufundisha pumzi akasahau kukufundisha boksi. Waume wengi wako hivyo, wanatubebea kitu kwa upendo, siku wakiondoka hatujui kina uzito gani.

Sasa sikiliza. Mwombe Oduol akuonyeshe kusafisha mtutu vizuri, yale mabaki yote yatoke. Baada ya hapo chukua aina moja, usiifute, piga kumi za kwanza bila kujali zinakwenda wapi, maana mtutu unahitaji kuzoea nta ya risasi hiyo. Kisha piga makundi ya tano tano, kila kundi karatasi yake, siku isiyo na upepo. Ukibadilisha aina, anza tena na zile kumi za kuzoesha. Usiwe unachanganya kama unayeonja mboga sufuria kwa sufuria. Na usidanganywe na kundi moja zuri. Chagua ile ambayo makundi yake yanafanana, hata siku ukiwa umechoka.

Na usichague kwa kuangalia bei. Bunduki haisomi bei. Kwa kawaida kwa bunduki hizi ndogo risasi za ghali zinashinda, kwa sababu kiwanda kinapima baruti kwa uangalifu na zote zinatoka kwa mwendo mmoja, wakati za rahisi moja inakimbia, nyingine inachelewa, na kwenye mita hamsini utaona moja juu, moja chini. Hata hivyo kila mtutu una chaguo lake. Jina lilelile kwenye boksi lenye namba nyingine ya kiwandani linaweza kupiga tofauti kabisa, kwa hiyo usimwambie Oduol "leta za Emanueli" ukafunga mdomo. Jaribu namba mbili tatu, na ile itakayokubali, mwache aagize za kuwatosha wote watatu mpaka mashindano yaishe. Mkimaliza kupiga naweni mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula cha wajukuu, maana madini ya risasi ni sumu.

Nyangwine mwambie Awino anamsalimia, na kelele anayoisikia ni ya risasi inayoishinda sauti mbio. Ikifika karibu na karatasi mbio zimepungua, na pale inapopungua ndipo inapoyumba. Dume lake linanguruma zizini, likifika malishoni linapepesuka.

Ila habari ya kijana wa porini, hapa sicheki. Kuvusha risasi mpakani bila kibali ni jela, Mokami, yako na ya huyo kijana, na klabu itafungwa. Mkatalie shemeji leo, mbele ya Oduol, ili asirudie. Kinachopaswa kununuliwa kinunuliwe na klabu, kwa muuzaji mwenye leseni, kiandikwe ghalani.

Limebaki boksi. Usilitunze. Risasi haiwi picha ya kutundika, inazeeka, na aliyeichagua hakuichagua ikae gizani. Mtutu ukishakuwa safi, siku upepo umetulia uwanjani, lifungue, zipange kwenye kile kibao kwa mkono wako mwenyewe, zikiwa na nta yake yote. Piga kumi za kuzoesha. Halafu piga tano kwenye karatasi mpya, nenda polepole ukaangalie, na kama unataka kulia, lia hapo hapo, Oduol atageuza uso.

Zilizobaki peleka Mugumu, uzimalize mbele za watu. Ile karatasi yenye matundu matano ndiyo ukaitundike nyumbani, na wageni wakiuliza, waeleze alivyokuwa anachagua.

Na siku ya mashindano, ukishalala chini na kushika pumzi, nikumbuke na mimi.

Awino