Pale Wavuvi Wanapoinua Nyavu

Dani, nyanya yangu, hujambo huko Nyakach? Usinikasirikie kwa picha ya ziwa iliyo mbele ya kadi. Najua umelichoka, lakini dukani hawakuwa na nyingine.

Leo mimi na vijana wenzangu tuliingia kortini hapa Kisumu. Kesi yetu inasema Katiba inatupa haki ya mazingira salama, na serikali imekaa tu huku hali ya hewa ikiharibika na maji yakimeza maboma yetu. Kulikuwa na joto la kukausha koo.

Nilipotoa ushahidi, wakili wa serikali akaniuliza, "Hati ya shamba iko wapi?"

Nikasema ilisombwa na mafuriko.

"Basi tutajuaje hapo palikuwa kwenu?"

"Babu amezikwa hapo."

Kila Mjaluo mle ndani anajua kaburi ndilo linaloonyesha boma ni la nani.

"Na hilo kaburi linaonekana?"

Nikasema liko chini ya maji. Akatabasamu, akaketi.

Jaji hakutabasamu. Amesema Alhamisi korti yenyewe itakuja kuona. Kwa hivyo vaa koti lako zuri, uwapeleke kwa mashua mpaka pale juu ya kaburi, ambapo wavuvi wote huinua nyavu zao kwa heshima ya Babu. Waambie wazime injini. Halafu msalimie Babu kwa sauti, kama unavyomsalimia kila siku.

Nataka yule wakili asikie.

Nakupenda sana,
Mjukuu wako Akinyi